Mwaka Mitundu Ilipowahi

Harufu ya maua ya mtundu wanaijua waliokulia porini kama mimi. Ni harufu ya asali kabla haijawa asali. Juzi nilikuwa naanika nguo uani kwangu hapa Nyahanga, upepo ukavuma kutoka upande wa pori, nikaipata. Nikasimama na shuka mkononi. Nikajiambia, wewe mama, pua yako imechoka, kwani huu mwezi gani? Pamba bado iko mashambani, watu bado wanajifunika blanketi mbilimbili, mtundu gani utoe maua sasa? Lakini jirani yangu Mama Ester naye aliisikia, akasema mwaka huu mvua zitawahi. Nikamjibu, hapana dada, siku hizi miti yenyewe haijui kitu, imechanganyikiwa kama sisi. Kisha nikaingia ndani, nikakaa kitandani na lile shuka bichi mapajani.

Mtu ambaye ningempigia simu kumpa habari hiyo tumemzika mwaka huu huu. Alikuwa pacha wangu, Kulwa. Mimi ndiye Doto, niliyemfuata. Kwetu pacha haliliwi. Wazee wa ukoo wetu wanasema pacha ni mtoto wa mvua, na ukimlilia unaifukuza mvua. Kwa hiyo pale msibani kila nilipofungua mdomo shangazi alinibana mkono: nyamaza, mwanangu, nyamaza. Nami, mtu mzima na watoto wangu, nikanyamaza. Sikulia siku ile wala siku zilizofuata. Nilipika, nikatandika mikeka, nikapokea pole za watu na kuwasindikiza wageni mpaka barabarani.

Basi tangu juzi siwazi kingine ila kile kiangazi tulichotenganishwa, sisi wadogo. Ninyi wa rika langu mnakumbuka kiangazi kilipokuwa kiangazi kweli, kina mwanzo na kina mwisho. Sasa sikilizeni cha kwetu kilivyokuwa.

Tulilelewa na bibi, mama yake baba, kijijini ndani huko upande wa Kahama, mahali ambapo pori la miyombo lilianzia nyuma ya choo. Mama yetu alifariki hatujaanza hata kutembea. Baba alikuwa mchimbaji wa dhahabu Mwakitolyo, akija nyumbani anakuja na sukari na kikohozi. Sisi tulikuwa wa bibi, na bibi alikuwa wetu, na nyuma ya nyumba kulikuwa na mtundu mmoja mkubwa uliokuwa wa sisi wote watatu. Bibi alibandua maganda ya matawi yake akasokota kamba. Sisi tulicheza kivulini.

Asiyejua mtundu nimweleze. Mwishoni mwa kiangazi, ardhi ikiwa imepasuka na hakuna hata dalili ya wingu, mti huo hutoa majani mapya, na hayatoki ya kijani. Yanatoka mekundu, rangi ya chai ya rangi ukiitazama juani. Pori zima linakuwa jekundu mvua ikiwa bado. Bibi hakuwa na kalenda. Mtundu ukiwa mwekundu, alinoa jembe.

Na kulikuwa na jambo lingine, la nyumbani kwetu. Mvua za kwanza zikinyesha, hakuna aliyegusa mbegu kabla yetu. Bibi alitusimamisha pembeni mwa shamba, Kulwa kulia, mimi kushoto, tukarusha mbegu za mtama kwa pamoja, yeye akapiga kigelegele, ndipo watu wazima wakaanza kazi. Tulijiona wakubwa ajabu. Mtoto mwingine anasubiri Krismasi, sisi tulisubiri siku ile.

Sasa mwaka huo, karanga zimeshang'olewa, baba alikuja kwa pikipiki ya kukodi. Alituambia mkewe wa huko machimboni amejifungua, naye ndiye anayewapikia wachimbaji, hana wa kumshikia mtoto. Alimtaka Kulwa.

Bibi aliweka chini ungo. "Unataka kutenganisha pacha, wewe? Hao si jozi ya kandambili kwamba umevunjikiwa na mguu mmoja ukaja kuazima."

"Mama, ni kiangazi hiki tu," baba alisema. "Siwezi kuwachukua wote, nani atakuchotea maji? Mtundu ukiwa mwekundu namleta. Watarusha mbegu wote wawili, sijasahau." Akaunyooshea kidole ule mti wa nyuma ya nyumba, akatugeukia sisi. "Mmesikia? Mtundu ukiwa mwekundu."

Tulisikia. Kulwa alipandishwa kwenye pikipiki kati ya baba na dereva, na wakati inaondoka hakunitazama mimi. Aliutazama mti. Shingo yake iligeuka mpaka pikipiki ikapotea kwenye kona, na macho yake yalikuwa juu ya ule mti tu. Nilimkasirikia vibaya sana. Nikasema moyoni, sawa, nenda na mti wako.

Hasira ilikwisha jioni, tulipokaa kula. Tulikuwa tukila sahani moja, na mkono wangu ulijua mpaka wake. Nilikula nusu, nikaacha nusu. Bibi akaitazama ile nusu, akaifunika na bakuli. Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo. Usiku mkeka ulikuwa mpana mno, nikajifunza kulala ukingoni. Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni majina. Kijijini walikuwa wakituita kwa kubahatisha, mimi naitwa Kulwa, yeye anaitwa Doto, tunacheka mpaka tunaanguka. Alipoondoka, hakuna aliyekosea tena. Wote waliniita Doto, Doto, Doto, na kila nikiitwa sawasawa nilitaka kulia.

Nikaanza kuushughulikia mti. Akili yangu ya kitoto ilisema hivi: baba ameahidi mtundu ukiwa mwekundu, basi mtundu ndio unaomshikilia Kulwa, na mti hushibishwa kwa maji. Maji kwetu yalitoka mbali, kwa hiyo ya kunywa sikuthubutu kuyagusa. Nilichukua ya kuoshea vyombo, ya kunawia, na ya kuogea mwenyewe, nikisimama ndani ya beseni ili tone lisipotee. Nilimwaga pale shinani na kuuambia: haya, kunywa, fanya haraka.

Bibi aliligundua hilo, maana siafu na nzi walijaa pale. "Eti nini, huu mti umekuwa mkwe wangu siku hizi?" aliuliza. "Unaogeshwa, unakoshwa miguu. Bado kuutandikia kitanda." Sikumwambia sababu. Nilidhani nikisema, dawa itaharibika.

Kisha hali ya hewa ikaanza kwenda kombo. Baridi ya kipupwe haikuja. Asubuhi ambazo tungekuwa tunaota moto wa mabua, tulikaa nje kifua wazi. Mawingu yalikuja, yakakaa, yakaondoka, halafu yakarudi, kama mgeni aliyesahau alichofuata. Kuku walilala mapema. Watu walikuwa ndani ya mavuno ya pamba wakitazama juu kila mara kwa wasiwasi.

Na asubuhi moja nikatoka nyuma ya nyumba, nikaona tawi la juu kabisa la mtundu limewaka. Jekundu! Nilipiga ukelele ambao bibi alidhani nimeumwa na nyoka. Akatoka mbio na mpini wa jembe.

"Bibi, umekuwa mwekundu! Kulwa anakuja! Ni maji yangu, bibi, ni maji yangu!"

Hapo ndipo alipoelewa yale maji yote. Alinitazama, kisha akautazama mti, kisha akatembea mpaka ukingoni mwa pori, akaweka kiganja juu ya macho. Nilimfuata. Kule ndani mtundu mmoja hapa, mwingine pale, na mwingine mbele zaidi, yote ilikuwa imeanza. Ile yote sikuwa nimeimwagilia, lakini mimi hilo halikunishughulisha. Niliamini imeambukizwa.

Bibi hakufurahi. "Yaya," alisema, yaani hapana, kwa Kisukuma chetu. "Yaya, yaya. Sasa hivi? Na michembe ya viazi haijakauka?"

Sikumsikiliza. Nilioga, nikajipaka mafuta mpaka magotini, nikaenda kukaa barabarani. Nilisubiri siku hiyo na siku zilizofuata. Pikipiki ilisikika mbali, moyo ukaruka, ikapita na mzigo wa mkaa. Ikaja nyingine, na mtu asiyenijua akanipungia mkono. Vumbi lilishika yale mafuta, jioni narudi nyumbani na miguu ya rangi ya barabara. Bibi ananiosha bila kuniuliza kitu. Nilijisemea labda rangi bado haijakolea. Majani yakakolea. Nikajisemea labda anasubiri maua. Maua yakatoka, nyuki wakaja, pori likanukia asali kila mahali, na barabara ikabaki kama ilivyo. Jamani, upweke wa mtoto ni mkubwa kuliko mtoto mwenyewe. Sisi watu wazima tunasahau, tunawapa pipi.

Mvua ikanyesha katikati ya kiangazi. Haikuwa manyunyu, ilikuwa mvua ya kupiga bati. Michembe ya bibi, vile viazi vitamu tulivyovikata vipande, ilikuwa imetandazwa juu ya jiwe kubwa nje ya ua, na tulikimbia na ungo na kanga tukaokoa kidogo tu. Iliyobaki ilivimba, ikaota ukungu wa kijani, ikanuka. Pamba ya watu ilidondoka matopeni. Kile kilikuwa chakula cha njaa cha kijiji kizima, na kila nyumba ilipoteza.

Jirani yetu Mama Shija, ambaye naye alizaa pacha kabla ya huyo Shija wake, alikuja na kusimama mlangoni bila hata kukaribia kigoda. "Mwangaluka," alisalimu, bibi akaitikia. Kisha akasema lile lililokuwa midomoni mwa wote. "Nyumba hii ina pacha mmoja. Mwingine umempeleka wapi? Watoto wa mvua umewagawa, na mvua nayo imegawanyika, nusu imekuja sasa. Na nusu nyingine tutaipata wapi wakati wa kulima?"

Nilikuwa nyuma ya pazia. Nikaelewa mambo mawili kwa mpigo: kwamba mvua ile imekuja kwa sababu yangu, na kwamba Kulwa asiporudi hatutakula. Bibi hakubishana naye. Alimtolea Mama Shija karanga kidogo, akamshukuru, na alipoondoka akaniambia, "Kata tawi. Lile jekundu zaidi. Tunakwenda kumdai baba yako."

Tuliondoka na Canter iliyokuwa inapeleka mahindi machimboni, bibi mbele na dereva, mimi juu ya magunia na tawi langu. Nililishika wima kama bendera. Kadiri tulivyokaribia Mwakitolyo ndivyo miti ilivyopungua, na nilianza kuona kitu ambacho sikukielewa haraka. Ilikuwa visiki. Kisha hata visiki vikaisha. Tulipofika kulikuwa na maturubai, vibanda vya bati na viroba, vumbi jeupe kutoka kwenye makarasha yanayosaga mawe, na vilima vya udongo uliotolewa chini. Magogo yalikuwepo mengi sana, yamelala kwa mafungu: hayo ndiyo matimba, wanayokingia kuta za maduara wanamoingia kuchimba, zisiwaangukie. Mti uliosimama na majani yake sikuuona hata mmoja. Nilizungusha macho kote. Nikajiuliza, sasa huku mtu anajuaje kwamba mtundu umekuwa mwekundu?

Baba alitoka kwenye banda amejaa vumbi mpaka kope. Alipiga goti kumwamkia bibi, "Shikamoo mama," na bibi hakuitikia marahaba mpaka aliponisogeza mbele na tawi langu.

"Mtundu huo," alisema. "Mlete mtoto."

Majani yalikuwa yamenyauka njiani, mengine yamepukutika. Baba aliyashika, akayasugua kwa vidole. "Mama, haya ya bahati mbaya tu. Mti umedanganywa na joto. Mvua zenyewe bado mbali. Mimi nilikuwa namaanisha wakati wa kulima."

"Hukutaja kulima. Ulitaja rangi, nilikuwepo. Au ulitaka mtoto akusubirie mpaka uzee?"

"Mama, mke wangu anabaki na nani? Nivumilieni mpaka mvua zenyewe."

Ndipo Kulwa akatokea nyuma ya banda, mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa amekonda na kunyolewa kipara. Nilimwita, nikamsalimia kwa Kisukuma kama tulivyozoea, na yeye akanijibu kwa Kiswahili, polepole, kama anajibu mtu wa mbali. Hakunikimbilia. Nikawaza, tumekuja tumechelewa, huyu si wangu tena.

Lakini aliliona tawi. Alilisogelea, akaligusa jani moja, akavuta pumzi, na sura yake ikabadilika ikawa ya kilio. Akasema, sasa kwa Kisukuma, "Kwa hiyo wa nyumbani umeshatoka. Mbona huu hautoki?"

"Upi?" baba aliuliza.

Kulwa alinyoosha kidole. Alionyesha nguzo ya banda, gogo lililochimbiwa kwenye kona, bado na maganda yake. Tuliyajua maganda hayo wote, mikono yetu ilishabandua mengi. Ilikuwa nguzo ya mtundu. "Naumwagilia kila siku," alisema. "Maji ya vyombo. Na ya kuogea ya mtoto. Nauambia ufanye haraka. Hauwi mwekundu, bibi. Nimekosea wapi?"

Karasha liliendelea kusaga huko. Baba alitembea mpaka kwenye ile nguzo, akachuchumaa, akaweka kiganja shinani. Udongo ulikuwa tope, na gogo limeoza, ndiyo maana banda lote lilikuwa limelala upande. "Nami nimegombana na majirani," alisema kwa sauti ndogo, "nikidhani wananimwagia maji machafu." Alikaa pale amechuchumaa, ametugeuzia mgongo. Alipoinuka alikuwa amejifuta uso wenye vumbi, nao ukawa matope. Alimwendea Kulwa, akafungua kanga, akamtoa mtoto mgongoni, akambeba yeye mwenyewe. "Nenda na bibi yako," akasema. "Huku hakuna mti."

Tulirudi wawili juu ya magunia matupu. Njia nzima Kulwa alinishika kidole gumba. Tulipokaribia nyumbani, Mama Shija alikuwa kisimani, akatuona, akaita, "Doto! Umerudi?" na alikuwa anamwita Kulwa. Tulicheka mpaka bibi akageuka kule mbele.

Mvua za kweli mwaka huo zilichelewa sana, mitundu ikiwa imeshageuka kijani zamani na kuchakaa. Tulirusha mbegu, yeye kulia, mimi kushoto. Mavuno yalikuwa haba. Tulikula kwa shida, lakini tulikula sahani moja.

Tumezeeka pamoja tangu hapo, au tungezeeka. Aliolewa hapa hapa Nyahanga, nikamfuata kama nilivyomfuata kuzaliwa. Kila mwaka, aliyekuwa wa kwanza kuona jani jekundu alimpigia mwenzake simu, hata kama ni usumbufu mtupu. Mwaka huu nimeunusa mtundu mimi, tena mapema kupita kiasi, na simu ninayo mkononi.

Leo asubuhi nimeosha mchele, na badala ya kumwaga yale maji kwenye mtaro, miguu yangu ikanipeleka barazani kwenye nguzo. Si ya mtundu hata, ni mrunda tu wa mkaratusi, fundi aliupaka rangi ya bluu. Nikayamwaga shinani polepole. Mama Ester aliniona kutoka kwake.

"Mama Neema, unamwagilia nini hapo?"

"Nguzo," nikasema.

Alianza kucheka. Kisha akauona uso wangu, akatua ndoo yake, akavuka, akaja kukaa nami ngazini bila kuniuliza. Na hapo ndipo nilipomlilia Kulwa, kwa sauti, mchana kweupe, mpaka watoto wa shule wakasimama barabarani. Shangazi akisikia atanisema. Na mvua ikitaka kukasirika, ikasirike.